Gari Moshi Haliendeshwi na Moshi: Dhana Potofu katika Utengenezaji wa Injini Ndogo za Mvuke

Kila ninapoiwasha injini yangu ndogo uani hapa Nyakato, Mwanza, watoto wa jirani husema kwamba moshi ndio unaoizungusha, nami siwalaumu, kwa kuwa lugha yetu yenyewe iliwafundisha hivyo tulipoliita treni gari moshi. Kazi ya moshi huishia kwenye dohani. Kinachosukuma pistoni ni mvuke wenye presha. Hata lile wingu jeupe linaloruka si mvuke hasa, bali ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kati ya mdomo na wingu kuna nafasi inayoonekana tupu, na mvuke wenyewe umo humo. Fundi anayetafuta uvujaji kwa kungoja kuona cheupe ataunguza vidole kabla hajaona kitu.

Dhana ya namna hiyo ipo hata bandarini, ambako husikika kwamba MV Victoria ilianza kama meli ya mvuke. Meli za mvuke zilikuwapo katika Ziwa Victoria tangu meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, lakini Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ya dizeli tangu mwanzo.

Katika karakana, makosa mengi niliyoyaona, na mengi niliyoyafanya mwenyewe, yanatokana na kufikiria nguvu na kulisahau joto.

“Pistoni ikibana sana, ndivyo injini inavyokuwa na nguvu”

Hii ndiyo iliyonigharimu wiki tatu. Pistoni yangu ya kwanza niliikereza kwa aluminiamu niliyoipata kwenye chuma chakavu, nikaiingiza katika silinda ya chuma cha kusubu yenye kipenyo cha milimita 20, nikiacha nafasi ya milimita 0.02 tu, na nikaona fahari jinsi ilivyoteleza polepole bila kuchezacheza. Nilikwenda kuijaribu kwa upepo wa kompresa kwa fundi wa pancha, ikazunguka vizuri mpaka wateja wakasahau matairi yao. Jioni niliiunganisha na boila, chombo kinachochemsha maji yawe mvuke. Ilizunguka kwa muda mfupi, ikapunguza mwendo, ikakwama kama iliyochomelewa, na ilipopoa ikalegea tena kana kwamba haikuwa na kosa lolote.

Hesabu yake ni rahisi. Mvuke wa presha ya bar 3 una joto la takribani nyuzi 143, yaani zaidi ya nyuzi 110 juu ya joto la karakana. Kwa ongezeko hilo, pistoni ya aluminiamu ya milimita 20 hutanuka kiasi cha milimita 0.05, wakati silinda ya chuma cha kusubu hutanuka nusu ya hapo. Tofauti ya karibu milimita 0.03 inamaliza nafasi yote niliyoiacha na kudai nyingine. Upepo wa kompresa haukuweza kunionyesha kosa hilo kwa sababu ni wa baridi, na kwa hiyo injini iliyozunguka kwa upepo imethibitisha tu kwamba vali zake zinafungua na kufunga kwa wakati wake. Pistoni na silinda zikiwa za metali moja hutanuka pamoja, na chuma cha kusubu kina nafuu ya ziada kwa sababu kina grafiti ndani yake, inayosaidia kulainisha msuguano. Nafasi ndogo inayobaki huzibwa na oili na uzi wa grafiti unaoviringishwa katika mfereji wa pistoni.

“Mtungi wowote unaohimili presha unafaa kuwa boila”

Hapa sina mzaha. Kijana mmoja alinijia na mtungi mtupu wa gesi ya friji akisema, “Shikamoo fundi, huu si ulikuwa na presha kubwa kuliko unayoihitaji wewe?” Nilimjibu kwamba mtungi ule ulitengenezwa ukae kwenye joto la kawaida, wala haukutengenezwa uchochewe moto chini huku maji yakiula kwa kutu ndani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Boila likipasuka, maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 143 hayabaki yote kuwa maji, kwa maana hapa Mwanza, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo.

Boila dogo hutengenezwa kwa bomba la shaba nyekundu. Brasi haifai, kwa kuwa zinki yake huliwa na maji ya moto na kuiacha metali ikiwa na vitundu kama sponji. Maungio yake yasifanywe kwa lehemu ya redio, inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 na kupoteza uimara mapema zaidi. Maji yakipungua, shaba iliyo wazi juu ya moto hufika huko upesi. Inatakiwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka juu ya nyuzi 600, na mafundi wa friji wanaifahamu.

Kisha boila hujaribiwa kwa maji baridi, kwa pampu ya mkono, hadi mara mbili ya presha ya kazi, baada ya kuitoa hewa yote. Wapo wanaojaribu kwa kompresa ili wasilowe. Maji hayasindikiki, hivyo ungio likiachia presha hushuka mara moja na tone likadondoka. Hewa iliyosindikwa ni springi, na hurusha vipande.

“Maji ya ziwa ni laini, hayadhuru”

Ni kweli yana chumvi kidogo, lakini ya ghuba yetu yana matope na mwani, na boila chafu hutoa povu linalopelekwa mpaka kwenye silinda. Natumia ya mvua, yaliyochujwa.

“Bila mashine ya kukereza huwezi kuanza”

Injini yenye silinda inayoyumba, ambayo silinda yenyewe ndiyo vali, inahitaji drili, tupa na jiliwa tu. Nyuso mbili zinazosuguana hunyooshwa kwa kuzizungusha juu ya msasa uliobandikwa kwenye kipande cha kioo.

“Modeli ni injini kubwa iliyopunguzwa”

Injini ya kwanza ya pistoni iliyofanya kazi ya kweli ilijengwa na Thomas Newcomen mwaka 1712. James Watt hakuivumbua, ingawa sifa hupewa yeye. Alikuja miaka 50 baadaye, alipopewa na Chuo Kikuu cha Glasgow modeli ya injini ya Newcomen aitengeneze, akashangaa kuona kwamba boila lake liliishiwa mvuke baada ya mipigo michache. Ukipunguza vipimo mara kumi, ujazo wa silinda hupungua mara 1,000 lakini eneo la kuta zake hupungua mara 100 tu, kwa hiyo kwa kila tone la mvuke kuna ukuta mwingi zaidi wa kulipoza. Kutokana na usumbufu huo alifikia wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, akalipatia hataza mwaka 1769.

Silinda yangu ya pili nimeizungushia vipande vyembamba vya mninga, nikavikaza kwa mikanda miwili ya brasi. Inapozunguka, naweza kuishika kwa mkono.