Mtungi wa mzamiaji si mtungi wa oksijeni

Imani hii ni ya siku nyingi: mzamiaji hubeba mtungi wa oksijeni, na ndiyo maana haupakiwi kwenye ndege. Si kweli. Mitungi mingi ya kuzamia hujazwa hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21 hivi. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu huwa sumu mzamiaji akipita kina cha mita 6 hivi, na inaweza kumtia degedege humo humo majini.

Kinachowapa hofu wakaguzi ni mgandamizo. Mtungi uliojaa huwa na takriban bar 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa iliyotuzunguka. Geji kusoma sifuri hakutoshi, maana mkaguzi haoni ndani. Marekani, kwa mfano, hutaka vali ing'olewe kabisa, tundu libaki wazi. Kuirudisha ni kazi ya fundi, na mtungi wa alumini wa lita 11 una kilo 14 hivi hata ukiwa mtupu. Kwa maoni yangu, usihangaike nao: ukienda Mafia au Pemba, vituo vya kuzamia vinayo mitungi. Beba miwani na regulata yako, yaani kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi.

Katika vifaa unavyobeba, tochi ya kuzamia ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Zikishika moto huko, wahudumu hawawezi kuzifikia. Zibebe mkononi, ncha za kila moja zikiwa zimefunikwa kwa utepe, na iliyomo ndani ya tochi uitoe, isije tochi ikajiwasha begini.