Gauni likishaungua halirudi

Angalia picha za harusi zinazopigwa saa saba mchana pale kwenye Jiwe la Bismarck, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Nyingi zina kasoro ileile: nyuso zinaonekana, lakini gauni la bibi harusi limebaki weupe mtupu na ziwa nyuma yake limefutika. Picha imeungua.

Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Linaloumia ni gauni. Ndani ya kamera, kila nukta ya sensa, yaani kile kibao kinachopokea mwanga, hujaa kama ndoo inavyojaa maji. Kinachozidi hapo hakihesabiwi. Kwenye JPEG, faili la kawaida la picha, ngazi za mwanga huanzia 0 hadi 255. Nyuzi za lesi zilizotakiwa kuwa 235, 242 na 250 zikigonga 255 zote, zimekuwa kitu kimoja, na hakuna programu ya kuzirudisha. Kivuli kina nafuu: faili la RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaibana, la biti 14 lina ngazi 16,384, hivyo uso uliopigwa giza kwa stopu moja, yaani kwa nusu ya mwanga uliotakiwa, unainuka vizuri tu.

Ndiyo maana mimi napimia gauni. Washa ile alama inayomwekamweka kwenye sehemu zilizoungua, kisha punguza mwanga theluthi moja ya stopu, tena na tena, mpaka lesi itulie. Mng'ao wa jua juu ya mawimbi uache uungue, hauna cha kuokoa.

Kinachoniuma zaidi ni wapigapicha wanaozidisha mwanga makusudi ili mteja mweusi atoke maji ya kunde. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake kwenye paji la uso na mashavuni. Ukizidisha, rangi nyekundu hujaa kwanza, ngozi inageuka ya chungwa, na mng'ao ule unakuwa madoa meupe. Huyo si yeye tena.

Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua liko utosini. Asubuhi, kabla ya saa tatu, linatokea upande wa mjini na kuwaangaza maharusi walioligeuzia ziwa mgongo. Ratiba ikilazimisha saa saba, watafutie kivuli cha mwamba, pimia gauni, uso ujazie kwa flashi.