FEI ni nini? Maelezo kwa wafuga farasi wa Nyanda za Juu Kusini

FEI ni Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi. Liliundwa mwaka 1921, na makao yake yako Lausanne, Uswisi. Ndilo linalotunga kanuni za kuruka viunzi, dresaji (farasi kuonyesha mienendo ya ustadi kwa amri ya mpandaji), mashindano ya siku tatu (dresaji, mbio za nyikani na kuruka viunzi kwa pamoja), mbio za masafa marefu na mengineyo. Wanachama wake ni mashirikisho ya nchi. Kwa hiyo mfugaji wa Mufindi au Mbozi anayetaka kushiriki mashindano ya FEI husajiliwa, yeye na farasi wake, kupitia shirikisho la nchi.

Wengi hukwama kwenye paspoti ya farasi, yaani kijitabu cha utambulisho na chanjo zake, hasa ukurasa wa chanjo ya mafua. Dozi ya pili huchomwa kati ya siku 21 na 60 baada ya ya kwanza. Ya tatu ndani ya miezi 6 na siku 21 baada ya ya pili. Kisha angalau moja kila mwaka. Anayekwenda kushindana awe amechanjwa ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika, lakini si ndani ya siku 7 za mwisho. Ukipitisha mwaka bila dozi, unaanza upya. Daktari wa mifugo aandike tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo, kisha asaini na kugonga muhuri.

Paspoti hiyo haifungui mpaka wa nchi yoyote. Vibali vya kuingiza mnyama hutolewa na serikali, na kwetu kizuizi kikubwa ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi. Wadudu hao huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, hivyo wakati wa mvua farasi waingizwe bandani jua halijazama.

Kwenye mbio za masafa marefu kanuni zinamlinda mnyama waziwazi, na hapo FEI inastahili sifa. Njia hugawanywa vipande, na kila mwisho wa kipande daktari husikiliza moyo. Farasi aliyepumzika hupiga takriban mara 30 hadi 40 kwa dakika. Hapa, kwa vipande vilivyo kabla ya cha mwisho, mapigo yashuke hadi 64 ndani ya dakika 15, la sivyo anatolewa. Daktari pia hutazama ufizi, huvuta ngozi kupima upungufu wa maji, na humkimbiza polepole kuona kama anachechemea.

Dawa ya maumivu kama fenilbutazoni ikikutwa kwenye damu siku ya shindano, anayewajibika kwanza ni mpandaji, hata kama aliyeitoa ni mtunza banda.