Tashtiti ni nini? Wimbo wa panki unapomvaa mwanasiasa

Ukimwambia kinyozi wa Kondele unataka panki, atakunyoa pande zote mbili na kukuachia shungi katikati kama la jogoo. Wengi wetu hapa Kisumu tulilijua neno hilo kwenye kiti cha kinyozi kabla ya kujua kwamba ni muziki. Kwa hiyo mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, aliponiletea simu na kuniuliza, "Mjomba, huyu anamsifu gavana au anamtukana?", ilibidi nianzie mbali.

Panki ni muziki uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: magitaa yanayokwaruza, mapigo ya mbio, nyimbo fupi, na sauti isiyojali kama inapendeza. Hayo yanatosha kuhusu muziki wenyewe. Swali la kijana lilikuwa zito kuliko hapo.

Alichokuwa akisikiliza ni "California Über Alles" wa kundi la Dead Kennedys kutoka San Francisco, uliotolewa mwaka 1979. Jina hilo linachezea mstari wa kwanza wa wimbo wa Wajerumani ambao Wanazi waliufanya wao, yaani ni kama kusema California kwanza, dunia nzima baadaye. Anayelengwa ni Jerry Brown, aliyekuwa gavana wa California tangu 1975. Na Brown hakuwa dikteta hata kidogo. Alikataa kuishi katika jumba la gavana akapanga nyumba ya kawaida, akaacha limuzini akapanda gari la kawaida la Plymouth, na alijulikana kwa kupenda mafunzo ya Zen, yaani tafakuri ya Kibuddha. Kwa ufupi, kiongozi ambaye vijana wa siku zile wangemwona mwenzao.

Sasa tazama anachofanya mwimbaji, Jello Biafra. Hasemi Brown ni mtu mbaya. Anajitambulisha kwamba yeye mwenyewe ndiye gavana, kisha anaanza kutoa ahadi: atakuwa rais, watoto watakaa kimya kutafakari shuleni wapende wasipende, watu wote watakimbia mazoezi, na tabasamu litakuwa la lazima. Asiyeendana na utulivu huo atafuatwa usiku na polisi wa siri. Ngoma nazo zinaingia kama za gwaride.

Hiyo ndiyo tashtiti. Ni sanaa ya kumdhihaki mtu au mfumo kwa kuufuata mwenendo wake mpaka mwisho, hadi ujiumbue wenyewe. Kiswahili kina kitenzi kinachoibeba dhana hii kwa mikono miwili: kumvaa mtu ni kumkabili kwa ukali, na kuvaa ni kutia nguo mwilini. Mwimbaji wa tashtiti hufanya yote mawili kwa pamoja. Huingia ndani ya koti la mheshimiwa, huazima sauti yake, halafu hutembea nalo barabarani ili watu waone lilivyochanika mgongoni.

(Mwanafunzi aangalie hapa. Baadhi ya vitabu vya marudio hulitumia neno tashtiti kwa swali ambalo muulizaji tayari anajua jibu lake. Kwenye mtihani jibu anavyotaka mwalimu wako. Mimi nazungumzia tashtiti ya dhihaka.)

Matusi hayafanyi kazi hiyo. Ukiimba kwamba mbunge fulani ni mwizi, umetoa shutuma, na msikilizaji atadai ushahidi au atapiga makofi kulingana na kura yake. Mchongoano wa watoto wetu nao ni kitu kingine: unashindania maneno, na kesho mnacheza pamoja. Nilimtungia mpwa wangu mfano wa mheshimiwa asiyekuwepo popote ila kichwani mwangu:

*Watu wangu, barabara nimeikagua kwa macho yangu,*
*kutoka juu, ndani ya chopa, ni laini kama kitambaa.*
*Mashimo ni propaganda za wapinzani wangu,*
*na aliyezama na bodaboda alizama bila kunifahamisha.*

Hakuna tusi hata moja hapo. Anayezungumza anajisifu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila sifa inamvua nguo. Ule mstari wa mwisho ndio uliomchekesha kijana, kwa sababu ndivyo wanavyosema kweli, ila umetiwa chuku kidogo. Chuku ndiyo mafuta ya mashine hii. Ukitia haba, wimbo unageuka taarifa ya habari. Ukitia kupita kiasi, msikilizaji hamwoni tena anayelengwa. Nadhani wimbo wa California ulikuwa karibu kuvuka mpaka huo. Kumfanya mpenda Zen kuwa dikteta ni chuku ya gunia zima, na uliponea kwa sababu Brown alikuwa akiutaka urais kweli na hofu ya ahadi tamu ilikuwa ya kweli pia.

Na koti la tashtiti linaweza kumkaa mtu mwingine. Ronald Reagan alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981, kundi lilelile lilirekodi upya wimbo huo, likamtoa Brown na kumvisha Reagan, na kuuita kwa jina linalomaanisha kwamba sasa tuna tatizo kubwa zaidi. Safari hii walianza polepole, kama jazi ya hotelini ya kuwaburudisha matajiri, kabla ya kulipuka. Muziki wenyewe ukawa sehemu ya kejeli.

Huku kwetu hatukungoja panki. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mfalme wa benga aliyefariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, alizoea kuwasema wakubwa kupitia hadithi za wanyama, na alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Njia yake ilikuwa fumbo: anafunika, nawe unafunua. Panki haifuniki kitu. Inataja jina na cheo, halafu inamsemesha mwenye jina mambo ambayo hakuthubutu kuyasema.

Si kila wimbo wa siasa ni tashtiti. "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, uliotokana na neno la Kijaluo *bwogo*, kutisha, ulitikisa kampeni za 2002 na NARC, muungano wa upinzani, wakaufanya wao. Ule ni wimbo wa majigambo, umelala karibu zaidi na pakruok, ile sanaa ya Wajaluo ya kujitapa, kuliko na dhihaka. Kwa upande mwingine, waandamanaji wa Juni 2024 waliopinga Mswada wa Fedha kwa kelele za "Zakayo shuka!" walitunga tashtiti ya maneno mawili. Rais akawa mtoza ushuru wa Injili ya Luka, juu ya mti, na umati ukachukua nafasi ya Yesu. Kila aliyepitia shule ya Jumapili alielewa bila kufafanuliwa.

Hatari ya tashtiti ni ileile iliyomkwamisha mpwa wangu. Anayesikia "mimi" na kudhani mwimbaji anasema ya moyoni anaweza kuondoka na ujumbe uliopinduka, hasa kama lugha si yake na gitaa linameza nusu ya maneno. Kwa hiyo mtunzi hodari huacha alama: ahadi moja isiyowezekana, au sauti inayokenua mno. Sheria nayo ina mipaka yake. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza lakini hakilindi uchochezi wala chuki, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu, ingawa aliyechafuliwa jina bado anaweza kukushtaki kudai fidia. Ndiyo maana mheshimiwa wangu hana jina wala eneobunge.

Kijana aliuchukua ubeti wangu, akaunguruma nao chumbani kwa mdundo wa panki mpaka mama yake akagonga ukuta. Jioni alirudi na mstari wa tano, bora kuliko yangu yote minne:

*Kisima nimewachimbia, maji ni kazi ya Mungu.*