Mwimbaji Kunyamaza Si Wimbo Kuisha

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu wa matangazo pale redioni, mtu ambaye kazi yake naiheshimu kwa sababu ndiyo inayolipa umeme: "Hizi nyimbo zako ndefu mno. Mwimbaji akishamaliza, si ukate tu?" Kabla yake aliniambia hivyohivyo kijana anayenisaidia kwenye mitambo. Kabla ya huyo kijana, msikilizaji mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, alitaka salamu zake zisomwe "pale ambapo hakuna mtu anaimba, ili zisikike vizuri". Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kipindi changu ni cha muziki wa dansi, kwa muda wa saa mbili kila Jumapili mchana, bendi za enzi zile ambazo karibu kila moja ilijiita Jazz: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri, Atomic, Nuta, Vijana. Wenye swali la "lakini hiyo ni jazz kweli?" wapite, leo si siku yao.

Sasa sikilizeni. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya watu wa maneno. Tarumbeta na saksafoni zinafungua, au solo, yaani mpiga gitaa la kuongoza, anafungua peke yake, mwimbaji anaingia na beti zake, waitikiaji wanamjibu, tunajua nani kaachwa na nani kadanganywa na mwenye nyumba. Mwendo ni wa taratibu, watu wanacheza wameshikana. Halafu, mara nyingi karibu na dakika ya tatu au ya nne, kinatokea kitu ambacho mtu wa kukata hakisikii kabisa. Mpiga drams anabadilisha mkono. Besi inaanza kusema maneno mafupimafupi. Mpiga gitaa la rizimu anajifunga kwenye kodi mbili tatu na hatoki tena hapo. Solo anapanda. Hilo ndilo chemko, na wengine wanaita sebene kama majirani zetu wa Kongo. Kukata hapo ni kumsindikiza bibi harusi kwa vigelegele mpaka mlangoni kwa mumewe, halafu unamgeuza arudi kwao.

Watu wanadhani chemko ni gitaa linalojaza nafasi kwa sababu maneno yameisha. Ni kinyume chake. Ukimsikiliza solo peke yake utaona kweli anarudiarudia. Mwache. Msikilize aliye nyuma yake, sekondi solo, mpiga gitaa la pili. Ameshika kipande kidogo cha sauti tatu au nne, anakizungusha bila kukibadilisha, na kila mzunguko kinaangukia mahali tofauti kidogo na pale anapoangukia solo. Utamu wote unatoka kwenye kutokukutana huko. Baada ya mizunguko kadhaa wanakutana, wote kwa pamoja, na tarumbeta zinaingia palepale. Mchezaji aliyezoea anajua wanakutana lini, mguu unamngoja. Sasa wewe umekata mzunguko wa pili. Hujapunguza wimbo, umeondoa jambo ambalo wimbo mzima ulikuwa unalitengeneza.

Halafu kuna majina. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Western Jazz wakawa na Saboso, Nuta na Msondo, Mlimani Park wakaja na Sikinde. Jina la mtindo linatajwa wapi? Kwenye chemko. Humohumo mwimbaji anamwita mpiga gitaa kwa jina, anamtania mpiga tumba, anasalimia mji. Kwa nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970, ule ukelele wa sekunde mbili ndio ushahidi pekee nilionao wa nani alikuwa anapiga nini siku ile. Kava hakuna, na lebo ikiwepo inataja bendi na mtunzi basi. Kwa hiyo mnaponiambia nikate, mnaniambia nifute majina ya watu.

Najua tabia hii ya kukata imetoka wapi, na si uvivu wa watangazaji peke yao. Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja haubebi wimbo wa dakika saba kwa raha. Waliotoa santuri wakaugawa wimbo: upande wa kwanza maneno, sauti ikafifia, upande wa pili ikaibuka tena ikiwa kwenye magitaa. Redio Tanzania Dar es Salaam wao walirekodi bendi kwenye tepu pale studio ya Barabara ya Pugu, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na tepu haina shida ya dakika. Ndiyo maana wimbo uleule una urefu tofauti kutegemea ulikotoka. Miaka ikapita, watu wakaanza kuhamisha santuri kwenye kompyuta na simu. Wengi walihamisha upande mmoja tu. Faili hilo likazunguka nchi nzima, na sasa kuna kizazi kinachoamini kwamba wimbo fulani unaisha kwa kufifia. Hauishi hivyo, upande wa pili umebaki kwenye kabati la mtu.

Mimi huziunganisha pande mbili kabla ya kurusha. Sina uhakika kama ni halali kabisa. Kuna mzee aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: enzi zile mwenye santuri alisimama, akaigeuza, na katika ule muda watu walipumua, waliotaka kubadilishana wa kucheza nao walibadilishana. Je, hiyo nayo haikuwa sehemu ya starehe? Hata mahali pa kuunganisha ni pa kubahatisha, kwa sababu mara nyingine upande wa pili unaanza kwa kurudia kidogo yaliyokwisha kupita. Na kasi ndiyo balaa zaidi. Ninazo nakala mbili za wimbo mmoja ambazo moja imepanda karibu nusu sauti kuliko nyingine, kwa sababu mtambo mmojawapo ulikuwa unakimbia. Huwa nachagua ile ambayo sauti ya mwimbaji inafanana zaidi na alivyosikika kwenye nyimbo zake nyingine. Hiyo si sayansi, ni sikio tu, na sikio langu lina siku zake.

Salamu. Salamu ni haki ya msikilizaji na sizidharau, redio za nchi hii zimekulia kwenye salamu. Lakini zina mahali pake. Napiga nyimbo mbili mfululizo bila kufungua mdomo, halafu nasoma salamu, halafu matangazo, halafu narudi. Sisomi juu ya chemko na sisomi juu ya ufunguzi wa tarumbeta, maana ufunguzi ndio unaomfanya mtu aliye jikoni aseme "huo ni wa nani vile?" kabla hujamwambia.

Hesabu ya mtu wa matangazo naielewa. Dakika 120, toa habari fupi, toa matangazo, toa salamu na porojo zangu, zinabaki kama 85. Kwa nyimbo za dakika saba unapata 12. Ukikata katikati unapata 24, na kwenye karatasi 24 ni nyingi kuliko 12. Ila hizo ni mianzo 24, hakuna wimbo hata mmoja. Hapo hata mimi nina wasiwasi wangu, sitaki kujifanya mwamba. Wanaonipigia simu ni walewale, wengi wamenizidi umri, na simu zao hazinielezi chochote kuhusu kijana wa bodaboda aliyebadilisha stesheni dakika ya tano. Inawezekana ninampoteza kila Jumapili. Bado sikati.

Kilichonifanya niwe mbishi zaidi ni safari. Klabu ya wasikilizaji wa kipindi husafiri kwenda kusikiliza bendi zinazopiga, na safari tunayoipenda ni ya Kigoma kwa treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na sisi tulio kwenye makutano ya njia ya Kigoma, ya Mwanza na ile ya Mpanda inayochepukia Kaliua, treni tunaiona kama mali yetu. Basi lina haraka zake, lakini kwenye basi unasikiliza anachotaka dereva.

Behewani ndiko utajua wimbo umejengwaje. Mtu anatoa spika ndogo, anaiweka mezani kwenye dirisha. Beti zinaimbwa, na hakuna anayesikiliza kwa bidii: huyu anamenya chungwa, yule anabishana kuhusu bei ya tumbaku Urambo, mama mmoja anahesabu chenji ya mayai. Solo akipanda, chungwa linasimama mkononi. Kucha zinaanza kugonga bati la dirisha. Safari moja kijana wetu alinyoosha mkono abadilishe wimbo palepale, maana kwake ulikuwa umekwisha, na yule mama wa mayai, ambaye hakuwa hata mwanachama wa klabu, akampiga kofi mkononi: "We mwanangu, sasa ndiyo wanaanza!" Sijawahi kueleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Imani ileile mbovu, kwamba mwanzo ndio kila kitu, hutufuata mpaka ukumbini. Bendi nayo hupanga usiku wake. Saa tatu inapasha: magitaa tupu, nyimbo laini, waimbaji wa akiba, mabosi bado wanakunywa soda nyuma. Saa tano ndiyo waimbaji wenyewe wanapanda. Chemko zinarefuka kadiri usiku unavyokwenda, na baada ya saa sita wimbo mmoja unaweza kula robo saa. Kila safari wapo wanaoingia saa tatu kamili kwa sababu tangazo lilisema saa tatu, wanakaa, wananuna, na saa tano kasoro wananiambia bendi imechoka, twendeni tukalale. Jamani! Watu wa Kigoma hawana shida hiyo. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, rumba wamekua nayo, na wanaingia ukumbini saa ambayo wenzetu wanatafuta bajaji ya kurudia gesti.

Kipindi changu nimekipanga hivyohivyo, kwa wasiojua. Nusu saa ya kwanza ni bolero na rumba za polepole. Katikati naweka bendi zetu za huku, na Western Jazz namo, kwa kuwa ingawa ilianzia Dar mwaka 1959, jina na watu wake vilitoka magharibi huku kwetu. Nusu saa ya mwisho ni zile zenye chemko refu, na siweki tangazo kati ya wimbo wa mwisho na wa kabla ya mwisho. Ukinifungulia dakika kumi tu katikati ukasema "anapiga tu anachojisikia", umefanya alichofanya mtu wa saa tano kasoro.

Mambo ya safari haraka haraka, maana yananijazia simu. Pesa anashika mweka hazina wa klabu, si mimi. Mtangazaji akishika michango, siku treni ikichelewa atatajwa hewani na watu asiowajua. Tiketi zinakatwa kwa majina na vitambulisho, kwa hiyo habari za "nitamleta shemeji palepale" hatuzitaki. Treni inatoka Dar, ikikwama Morogoro au Dodoma, tunaolipia ucheleweshaji ni sisi tunaongoja Tabora usiku. Kwa hiyo dansi likiwa Jumamosi hatupangi kufika Jumamosi. Spika behewani inazimwa saa nne usiku, kuna abiria wengine na wana watoto. Asali ya zawadi ifungwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, si chupa ya maji iliyozibwa na nailoni.

Kurudi, kila mtu anataka mawese na migebuka, wale samaki wa ziwani. Mawese sawa, kwa sharti lilelile la asali. Migebuka ni waliokaushwa tu, wafungwe tabaka mbili, na wasiingie kwenye chumba cha daraja la pili kabla aliyelala kitanda cha juu hajakubali kwa mdomo wake, mbele ya mweka hazina.