Je, wajua kwa nini mgombea urais wa Uganda husaka sahihi katika wilaya 98?

Mwaka 2025 zaidi ya watu 200 walichukua fomu za kuwania urais kwenye Tume ya Uchaguzi ya Uganda. Siku za uteuzi zilipokwisha, waliopita walikuwa 8 tu. Mtaani husemwa kwamba wengi huangushwa na ada, kwani ni shilingi milioni 20 na hairudishwi. Ada inauma kweli, lakini fedha hukopeka. Sahihi hazikopeki.

Ibara ya 103 ya Katiba ya 1995 inataka mgombea aungwe mkono na wapiga kura 100 katika kila wilaya, na wilaya hizo zisipungue theluthi mbili ya wilaya zote nchini. Kwa hesabu ya Tume, wilaya 135 zikijumlishwa na majiji 10 pamoja na Kampala, jumla ni 146. Theluthi mbili yake ni 97 na kitu, na kwa kuwa wilaya haikatwi vipande, mgombea anatakiwa kufikisha 98. Zidisha kwa 100, unapata sahihi 9,800.

Katiba ilipoanza kutumika Oktoba 1995, nchi ilikuwa na wilaya 39. Theluthi mbili zilikuwa 26, yaani sahihi 2,600. Tangu hapo wilaya zimemegwa na kumegwa tena, na kila inapozaliwa mpya mzigo wa mgombea unaongezeka, ingawa kipimo cha theluthi mbili ni kilekile. Chama chenye ofisi hadi kijijini hakiusikii uzito huo. Mgombea binafsi anausikia mgongoni.

Tuchukue Kalangala, wilaya ya visiwa vya Ssese. Wakala wa mgombea anavuka na feri kutoka Bukakata hadi Luku, halafu anapanda bodaboda kwenda kwenye mialo ya wavuvi. Watu wapo tele na kalamu wanaishika bila kubembelezwa. Lakini wavuvi huhamahama kufuata samaki. Huyu kajiandikisha kupiga kura Masaka, yule Mayuge, na sahihi zao hazihesabiki Kalangala hata kama wameishi hapo miaka 10. Kinachotazamwa ni daftari la wapiga kura, si mahali mtu anapolala. Kampala nako ni hivyohivyo: mwenye duka Kikuubo aliyejiandikisha Gulu ni sahihi ya Gulu. Wakala mjanja huuliza swali moja kabla ya kutoa karatasi, "Unapigia kura wapi?"

Makosa mengine ni madogo kwa macho na makubwa kwa matokeo: namba iliyokosewa tarakimu moja, jina lisilopatikana kwenye daftari, mistari kadhaa yenye mwandiko wa mtu mmoja. Aliyepeleka sahihi 100 kamili, zikakataliwa 3, wilaya ile imempotea. Na kama alikuwa na wilaya 98 kamili, safari yake ya urais imeishia hapo. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hukusanya 130 au 150 kwa wilaya, na hufika wilaya zaidi ya 110.

Majirani hupima kwa vipimo vingine. Tanzania inaomba wadhamini 200 katika kila mkoa kwa mikoa 10, angalau miwili ikiwa ya Zanzibar. Kenya inataka wapiga kura 2,000 katika kila kaunti kwa kaunti zisizopungua 24, kisha siku ya matokeo inamdai mshindi robo ya kura katika kaunti 24, juu ya nusu ya kura zote. Uganda haina sharti hilo la pili. Ukishapita mlangoni, unachodaiwa ni zaidi ya nusu ya kura halali nchi nzima, zitoke upande wowote. Basi swali la kama mgombea anajulikana pande zote za nchi linaulizwa mara moja tu, kwenye karatasi za sahihi, na ndiyo maana nadhani zinastahili kuangaliwa kuliko zinavyoangaliwa.

Kumbuka pia kwamba raia wa Uganda kumchagua rais kwa kura yake mwenyewe si jambo la zamani. Mwaka 1963 Mutesa II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, aliupata urais kwa kura za wabunge. Milton Obote aliutwaa 1966, akarudi 1980 kwa sababu chama chake kilitangazwa kuwa na wabunge wengi zaidi. Marais wengine waliingia kwa mtutu, na wengine waliwekwa na vikao. Kura ya kwanza ya moja kwa moja ilipigwa 9 Mei 1996.

Sifa nyingine hazina mengi: uraia wa kuzaliwa, kuwa mpiga kura, na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Zamani umri ulikuwa kati ya miaka 35 na 75. Mabadiliko ya Katiba ya 2017 yaliondoa mipaka yote miwili, ya juu na ya chini. Watu walibishania ile ya juu, wachache wakagundua kwamba kijana wa miaka 18 sasa anaweza kugombea. Kikomo cha vipindi viwili vya miaka 5 kilikuwa kimekwishaondolewa 2005.

Kura huhesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala, na kila wakala anapaswa kuondoka na nakala ya fomu ya matokeo. Fomu hiyo ndiyo silaha yake mahakamani. Tume ina saa 48 tangu vituo kufungwa kumtangaza mshindi. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa juu hurudiana ndani ya siku 30. Hadi sasa Uganda haijafikia hapo.

Mgombea asiyeridhika ana siku 15 kufungua kesi Mahakama ya Juu, nayo ina siku 45 kuamua. Hapa wengi hukwama kwenye sharti moja: haitoshi kuthibitisha kwamba sheria ilivunjwa, lazima uthibitishe kwamba uvunjaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 majaji waligawanyika 3 kwa 2, mwaka 2006 wakagawanyika 4 kwa 3, na mwaka 2016 wote 9 wakakubaliana. Mara zote tatu ombi lilitupwa. Bila fomu za vituo vya kutosha, hesabu ya kuonyesha athari hiyo haifanyiki.

Anayeapishwa anakuwa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu kwa pamoja. Huteua mawaziri, majaji na hata makamishna wa Tume ya Uchaguzi, lakini kila jina hupitia Bunge. Bunge lenyewe hana uwezo wa kulivunja. Muswada ukifika mezani kwake ana siku 30 za kuutia sahihi, kuurudisha au kuukataa. Akinyamaza, unakuwa sheria. Akiurudisha mara mbili, theluthi mbili ya wabunge wote wanaweza kuupitisha bila yeye.

Kumwondoa kwa utovu wa maadili huanza na theluthi moja ya wabunge kutia sahihi notisi kwa Spika. Jaji Mkuu anaunda jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Juu, na wakiona kuna kesi ya kujibu, inahitajika theluthi mbili ya Bunge. Akiondolewa, akijiuzulu au akifariki, Makamu wa Rais hushika kiti, lakini hakimalizi kipindi kama ilivyo Kenya na Tanzania. Uchaguzi mpya lazima ufanyike ndani ya miezi 6, na mawakala wanapanda tena feri ya Bukakata na karatasi zao.