Kufuta programu hakusitishi makato

Wengi hapa Nairobi huamini kwamba ukishafuta programu kwenye simu, makato nayo yamekwisha. Sivyo. Usajili wa malipo (subscription) unakaa kwenye akaunti yako ya Google au Apple. Futa programu, nunua hata simu nyingine pale barabara ya Luthuli, pesa zitaendelea kukatwa. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wanakupa siku 7 “za bure” lakini wanataka namba ya kadi kwanza. (Cha bure, kadi ya nini?) Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia sehemu ya malipo na usajili, usitishe. Kwa Apple, sitisha angalau saa 24 kabla ya muda wa majaribio kuisha. Kama kadi uliiandika kwenye tovuti yao moja kwa moja, usajili huo hutauona huko: pigia benki waizuie kadi.